Daraja la Tatu

Ilikuwa mwaka ule barabara kuu ilipopanuliwa. Hapana, ngoja, nisije nikapotosha watu. Barabara ilipanuliwa mwaka mmoja kabla, maana lami ilikuwa imeshapoteza ule weusi wake wa upya na madereva walikuwa wameshazoea kukimbia. Huu ninaousema ni mwaka uliofuata, mwaka wa nyumba mpya, watu walipokabidhiwa funguo wakahamia na magodoro yao huku rangi ya kuta bado inashika nguo. Ndio huo hasa.

Miongoni mwa waliohamia alikuwamo fundi makochi mmoja, mtu mwembamba, mabega yamepinda kwa kuinamia viti vya watu maisha yake yote. Walimwita Misumari. Jina lilitokana na mtindo wake wa kazi: ile misumari midogo ya kugongea kitambaa aliijaza mdomoni, kiganja kizima, kisha akawa anaisukuma mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, anaudaka, anaugonga mahali pake. Ukimsalimu akiwa kazini alikuitikia kwa nyusi. Ukimuuliza kochi lako litakuwa tayari lini, aliongeza misumari.

Sebule ya nyumba yake mpya ilikuwa ndiyo karakana. Kulikuwa na harufu ya gundi na sponji, magunia ya pamba yameegemea dirisha, na springi zimetapakaa chini kiasi kwamba mgeni alifundishwa pa kukanyaga kabla hajaambiwa karibu. Wenyewe hawakuwa na kochi lao. Walikalia makochi ya wateja, leo la bluu, kesho la maua, na dada yake fundi, mjane aliyekuwa akiishi naye, alipenda kusema, "Mtaa huu mzima hakuna wanaobadilisha makochi kama sisi. Matajiri watuonee wivu tu."

Mtu wa tatu katika nyumba ile alikuwa binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, mtu mzima sasa. Homa kali ilimchukulia masikio utotoni, wakati alikuwa ameshajua kusema. Kwa hiyo sauti ilibaki, ila haikuwa tena na wa kuiongoza, ikawa inapanda mahali pa kushuka na kushuka mahali pa kupanda. Wewe ukisema, yeye alikutazama mdomo, akakuelewa vizuri kuliko wengi wenye masikio. Ni baba yake tu aliyemshinda, akiwa na ile shehena yake mdomoni. "Baba, tema misumari," binti alikuwa akimwambia, na maneno hayo yakawa ya nyumba nzima. Shangazi mtu akificha sukari, anaambiwa tema misumari. Yeyote mwenye jambo na hasemi, tema misumari.

Binti alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha kushona sare. Mashine za mle ndani zilipiga kelele mpaka wafanyakazi wote walikuwa kama viziwi, na yeye akawa ndiye pekee asiyesumbuka. Alikuwa na mkono mzuri wa mkasi. Kilichokuwa kibaya ni kwamba kiwanda kilikuwa upande wa pili wa barabara kuu.

Na si kiwanda tu. Soko, zahanati, shule, mjini kwenyewe, vyote vilikuwa upande wa pili. Upande huu zilikuwa nyumba mpya, na nyuma ya nyumba mpya majani. Mabasi hayakuwa na kituo pale, yalipita kama yaliyokatazwa kutuangalia, kwa hiyo karibu kila nyumba ilikuwa na baiskeli. Wakati wa kuuziwa nyumba watu walionyeshwa bango kubwa lenye picha, na bango hilo lilikuwa bado limesimama kando ya barabara: nyumba zetu zimepakwa rangi ya maziwa, miti ambayo haikupandwa, na mwanamke mwenye kofia anaendesha baiskeli kwenye njia ya kijani inayopita juu ya barabara kuu, huku anacheka. Muuza maziwa, jirani yake fundi, ambaye alikuwa pia mwenyekiti wa mtaa, hakupita pale bila kumwamkia. "Shikamoo mama," anamwambia yule wa kwenye picha, "wewe mwenzetu umeshavuka."

Chini ya barabara kulikuwa na kalvati. Kalvati la mvua tu, la zege, lakini pana, na mtu aliweza kupita akiinama huku anasukuma baiskeli. Lilikuwa na matope na vyura na harufu isiyosemeka mbele ya chakula. Mvua zikinyesha, lilijaa. Lakini kiangazi chote binti wa fundi alipita mle, akatokea ng'ambo na utando wa buibui kichwani, akaupangusa, akapanda baiskeli yake akaenda kazini, na baba yake akarudi ndani kwenye kochi la mtu, moyo umetulia.

Maana barabara yenyewe ilivukwa kwa masikio. Yalipita malori ya mizigo, moja limelificha jingine, na macho yalikuonyesha lile la mbele tu. La pili ulilisikia. Wanawake wenye watoto nyuma ya baiskeli walisimama ukingoni vichwa vimeinama upande, wanasikiliza kama watu waliotega sikio ukutani, ndipo wakachomoka. Sasa asiyesikia afanyeje? Wiki za mvua, kalvati likijaa, fundi alitoka na binti yake asubuhi, akasimama ukingoni akisikiliza kwa niaba yake. Mkono chini, subiri. Mkono juu, pita. Na jioni alikwenda kumpokea vilevile. Binti hakupenda. "Unanifanya mtoto wa chekechea," alisema. Lakini alipita mkono uliponyanyuka, si kabla.

Mwaka huo mvua zilikuwa nyingi, na watu wakakubaliana apelekwe mtu ofisi ya barabara akaulize habari ya ile njia ya kwenye bango. Kwa haki alitakiwa kwenda mwenyekiti. Muuza maziwa akakataa.

"Nikienda mimi wataniuliza maziwa yamefika bei gani. Nenda wewe fundi. Wewe ndiye uliyewatengenezea viti, wanakujua."

"Mwenyekiti ni wewe."

"Mimi ni mwenyekiti wa jina. Mwenye viti ni wewe."

Wakacheka, fundi akaenda.

Bwana mipango wa ofisi ile alimpokea vizuri, na hilo nalisema kwa sababu ni haki yake. Alikuwa kijana mpole, shati limenyooshwa, akamwamkia na kumpa nafasi ya kukaa. Juu kulikuwa na feni inayolia kila inapomaliza mzunguko, na dirisha lilikuwa wazi upande wa barabara, malori yanapita. Lakini lililomponza fundi si feni wala malori. Lilikuwa kiti. Bwana mipango alikuwa amekalia kiti alichokitengeneza fundi mwenyewe, na kiti kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto. Mtu wa kazi ile hana adabu ya macho. Akiingia mahali haangalii nyuso, anaangalia matako ya viti. Springi gani ile imelegea? Au kamba ya chini imekatika? Akili yake ikawa huko.

Bwana mipango akapekua, akasema, "Mzee wangu, eneo lenu limewekwa daraja la tatu."

Sasa hapo pana maneno mawili yanayofanana kama pacha. Limewekwa na limewekewa. Barabara ile ilikuwa na madaraja mawili, moja karibu na soko kuu na moja mbele huko kwenye viwanda vya saruji, kila mtu aliyajua. Fundi akasikia kwamba eneo lao limewekewa daraja la tatu.

"La tatu?" akauliza, haamini.

"La tatu."

"Lini, mwanangu?"

"Limeshawekwa tayari. Liko kwenye mpango."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli zote zimo humo humo, mzee."

Fundi akasimama, akamshika yule kijana mkono kwa mikono yake miwili. Akamwambia akilete kile kiti siku yoyote, hatamlipisha. Bwana mipango akashangaa kidogo, akashukuru.

Fundi alirudi hajui ameendeshaje baiskeli. Muuza maziwa alipopata habari alizunguka mtaa mzima akigonga kopo la maziwa kama ngoma. Wanawake walitoka na mikono ya sabuni. Mtu mmoja akapanda kwenye bango akambusu yule wa kofia. Ndani ya nyumba shangazi mtu alikaa kwenye kochi la maua akasema, "Kaka, umefanya jambo la kiume," na fundi akajibu kwamba hakufanya kitu, aliuliza tu. Lakini alikuwa amevimba kama andazi.

Binti aliporudi kutoka kazini alimtaka baba yake asimulie upya, taratibu, mwanga ukiwa usoni. Huo ndio uliokuwa utaratibu wake, neno kwa neno, kwa sababu mtu anayesoma midomo hawezi kubahatisha.

"Alisema neno gani hasa?"

"Eneo lenu limewekewa daraja la tatu."

"Ulimwangalia mdomo?"

"Mwanangu," fundi akacheka, "mimi nina masikio."

Shangazi akajifanya anatafuta sindano.

Haukupita muda mrefu, mvua zilikuwa zimekatika na kalvati limekauka, akaja mkandarasi wa mabomba. Kijana naye, buti zimejaa udongo, heshima tele. Tatizo lake lilikuwa maji machafu ya nyumba mpya. Mashimo yalikuwa madogo, yanafurika, na ilibidi bomba kubwa lipelekwe upande wa pili. Kuchimba chini ya barabara hakuruhusiwi. Lakini lilikuwapo kalvati.

"Tukilaza bomba mle na kumimina zege, kazi imekwisha," alisema. "Maji ya mvua tutayachepusha. Ila nimeambiwa nyinyi mnapita mle na baiskeli, ndiyo maana nimekuja kupata kauli yenu kwanza. Msije mkasema nimewafungia njia."

Muuza maziwa akamgeukia fundi. Wote wakamgeukia fundi. Siku hizo neno lake lilikuwa ndilo neno.

"Kaka, si tungoje hilo daraja tulione kwanza?" shangazi akasema.

"Tungoje nini? Watu wanakanyaga vinyesi milangoni mwao, halafu sisi tunakumbatia shimo la vyura?" Akamwambia mkandarasi, "Pitisha bomba lako, mwanangu. Sisi tumewekewa daraja."

Mkandarasi akawapongeza. Hakuwa mtu wa ofisi ya barabara, hakujua lolote. Akaleta bomba, akaleta zege, akaweka na wavu wa chuma kila upande ili mbwa wasijichimbie. Binti alisimama siku hiyo na baiskeli yake akatazama mpaka koleo la mwisho. Kisha akamtazama baba yake, na fundi akamwonyesha kwa vidole: subiri kidogo tu. Mdomoni alikuwa na misumari.

Wakasubiri. Siku moja walikuja watu wakapigilia vigingi kando ya barabara, mtaa ukajaa furaha. Kumbe vilikuwa vigingi vya kuweka vyuma vya kuzuia magari yasitoke njiani. Vyuma vikawekwa kweli, imara, na kwa hisani yao wakaacha pengo moja la mtu kupita na baiskeli yake. Pengo lile lilikutazamisha na malori uso kwa uso. Wakasubiri tena. Mvua zikaja zikaondoka. Fundi akawa anasimama pale kwenye pengo kila asubuhi na kila jioni sasa, si wiki za mvua peke yake. Wengine nao walisubiri mkono wake, akawa kama taa ya barabarani. "Taa yetu haiwaki nyekundu," muuza maziwa alisema, "inavaa koti."

Mwishowe watu walichoka kucheka, fundi akarudi ofisini.

Safari hii alimwangalia bwana mipango usoni. Alimuuliza daraja litaanza kujengwa lini. Yule kijana akakunja uso.

"Daraja gani, mzee?"

"La tatu. Uliloniambia."

Feni ikamaliza mzunguko wake ikalia.

"Mzee wangu," bwana mipango akasema polepole, "lile si daraja la kupita. Ni daraja. Yaani... daraja. Kama la shuleni. Sehemu zote ambazo watu wanavuka barabara kuu tumezipanga kwa madaraja. Za daraja la kwanza zinajengewa kwanza, kisha za la pili. Nyinyi mko la tatu."

"Na la kwanza ni akina nani?"

Kijana akakohoa. "Ni pale palipotokea vifo vingi. La pili ni pale palipotokea vifo, lakini si vingi. La tatu ni pale ambapo bado."

"Bado nini?"

"Bado, mzee. Ukiangalia vizuri, ni habari njema."

"Na mtu akitaka kupanda daraja?"

Bwana mipango akapanga kalamu zake mezani, zikalingana, akazivuruga tena. "Inategemea na hali itakavyokuwa huko mbele," akasema.

Fundi akaaga. Pale nje ya mlango kulikuwa na benchi la wageni, alilivisha yeye mwenyewe lile benchi, ngozi ya kahawia na vifungo. Akalikalia mpaka mfagiaji akamwomba anyanyue miguu.

Nyumbani hakusema. Alichukua kochi lililokuwa karibu, akajaza misumari mdomoni, akaanza kugonga mahali ambapo palishagongwa. Binti alirudi akamkuta hivyo. Akaja akachutama mbele yake.

"Baba. Tema misumari."

Akaitema kiganjani, ikiwa imelowa, akasema yote. Binti alimtazama mdomo mpaka mwisho.

"Kumbe alisema limewekwa," akasema.

"Ndiyo."

"Limewekewa, mdomo unatabasamu kidogo katikati. Hapo penye ke. Limewekwa hautabasamu. Alitabasamu?"

"Sikumwangalia mdomo, mwanangu. Nilikuwa naangalia kiti."

Shangazi aliinuka. Aliingia jikoni, sufuria zikasikika zikihamishwa huku na huko bila kupikwa kitu.

Fundi alikwenda kwa mkandarasi wa mabomba, akamwomba afungue kalvati. Akamfuata mpaka kwenye kazi yake nyingine, mbali, akasimama juani akimsubiri ashuke kwenye mtambo. Yule kijana alisikitika kweli. "Mzee, nikilitoa lile bomba, mtaa wako mzima utalala na choo chake. Na zege si nguo, kwamba utaifumua ushone upya. Mlikubali wenyewe." Fundi akasema hapana, hatukukubali sisi, nilikubali mimi. Mkandarasi akasema basi pole sana.

Mtaani wakambadilisha jina. Misumari likaisha, akawa Daraja. "Daraja, umeamkaje?" "Daraja, tukupande leo?" Waliosema hayo walikuwa wanatania, na utani mtu huuzoea. Waliomuumiza ni wale akina mama wa watoto nyuma ya baiskeli, ambao hawakusema neno, walifika kwenye pengo wakamwamkia kama kawaida na kungoja mkono wake.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hilo hakulitema. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Mwanzoni alidhani ni vumbi la pamba. Alilisugua, akaliosha. Kisha la kushoto nalo likaanza. Kwenye kazi hakuna aliyegundua, kwa kuwa misumari anaijua kwa ulimi na kitambaa anakijua kwa kidole. Sindano ndiyo ilimfichua. Alikuwa anachoma hewa. Binti akaanza kumtungia nyuzi alfajiri kabla ya kuondoka, sindano nyingi, anazichomeka zimejipanga kwenye mkono wa kochi kama askari. Hakumuuliza kitu. Fundi alisema, "Ahsante, inaokoa muda," naye binti akaitika kwamba ndiyo, inaokoa muda. Hapo tena walikuwa wawili wenye misumari mdomoni.

Angemwambia nini? Kwamba asiende kazini? Watatu wale walikula kwa mkasi wa binti, si kwa makochi. Watu walikuwa wameanza kununua makochi ya kiwandani ambayo yakiharibika yanatupwa. Kwamba asimame mtu mwingine? Muuza maziwa anaondoka kabla hakujakucha, na wengine wote wana kazi zao za kuwahi. Ni yeye tu aliyekuwa na asubuhi ya kusimama. Basi alisimama. Alijiambia, macho yakipungua nitaongeza masikio, kwani barabara hii inavukwa kwa masikio.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya manyunyu, mbingu ya kijivu na lami ya kijivu. Lori likaja kutoka upande wa mjini, akalisikia, akaliona kama kivuli, likapita na upepo wake. Akasikiliza. Kilichobaki masikioni alidhani ni mngurumo wa lile lile linaloondoka. Akanyanyua mkono.

Lilikuwa la pili. La kijivu, halina taa.

Binti aliliona akiwa katikati, kwa sababu macho yake mwenyewe ni mazima. Alijirusha. Baiskeli ikachukuliwa, ikaburutwa, ikasikika kwa muda mrefu kuliko ilivyoonekana. Lori halikusimama. Watu waliokuwa wanangoja nyuma wakapiga kelele, fundi akawa anauliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?" na hakuna aliyeelewa kwa nini anauliza wakati kila mtu anamwona. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kati, goti halina ngozi, kifundo cha mkono wa kulia kimegeukia mahali pasipo pake. Huo ndio mkono wa mkasi. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama baba yake ng'ambo ya njia, na baba yake alikuwa bado amenyanyua mkono. Alikuwa amesahau kuushusha.

Walimfunga plasta zahanati. Kiwandani walituma neno kwamba watamngojea kidogo, wakisisitiza hilo kidogo. Muuza maziwa akaacha maziwa yake yaharibike, akaenda ofisi ya barabara akapiga kelele kwenye korido mpaka bwana mipango akapanda gari na kuja mwenyewe.

Alikuja mchana. Akasimama kwenye pengo na viatu vyake visafi, akatazama upande huu na upande ule, lori likapita likampeperushia tai begani. Watu wakakusanyika. Binti alikuwapo, mkono umefungwa kifuani, na shangazi amemshika kiuno. Fundi alisimama kando, chini ya bango.

"Poleni sana," bwana mipango akasema. "Kuna aliyefariki?"

"Hakuna," muuza maziwa akajibu. "Tunashukuru."

"Tunashukuru," akasema bwana mipango, na alishukuru kweli, usoni ilionekana. Kisha akainamisha kichwa. "Sasa tatizo ni hilo. Majeruhi peke yake hahesabiki. Mimi nitasema, nitawasemea sana. Lakini kwa sasa mtaendelea kuwa daraja la tatu."

"Anasema mtaendelea," binti akasema kwa sauti yake ile isiyo na wa kuiongoza, akimwelekea baba yake, asije akawa hakusikia vizuri. "Nimemwangalia mdomo."

Hakuna aliyecheka. Jioni ilikuwa inakaribia na watu wanaotoka kazini walikuwa wameanza kukusanyika ng'ambo na baiskeli zao, wanatazama huku, wanangoja mkono. Hawakujua habari ya macho. Fundi alikuwa amewaambia wa nyumbani kwake tu, wale wawili, baada ya kutoka zahanati, na shangazi alikuwa amejibu kwamba binti alishamwambia tangu ile siku ya sindano ya kwanza.

Alitoka chini ya bango. Alimsogelea bwana mipango mpaka karibu sana, kama watu wasioona vizuri wanavyofanya, akamtafuta uso kwa makini, kwanza macho, halafu akashuka akatulia mdomoni, akausubiri. Mfukoni alikuwa na misumari, ikasikika ikigongana kwenye kiganja. Wapo waliosema alikuwa na hasira. Hakuwa nayo. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mteja kitambaa gani anataka, na mpaka leo ule mdomo haujamjibu, wala mwingine wowote:

"Mwanangu, ili sisi tupande daraja, hapa tuliposimama, unamtaka nani?"